Kunyanyua mashine ya boti bila winchi: makapi mangapi, na boriti itahimili?

MkaaSahare (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Sahare, Tanga mjini. Kuna boti ya uvuvi tuliipandisha ufukweni bamvua (maji makubwa) lililopita ili tutoe mashine. Ni dizeli ya silinda tatu, na pamoja na gia boksi yake kibati kinasema kilo 320. Inatakiwa ipelekwe gereji Chumbageni, na boti irudi majini bamvua la mwezi ujao.

Juu ya boti kuna banda la miti tulilolijenga kwa ajili ya kivuli. Fundi wa kwanza anasema tundika kapi moja kwenye boriti ya banda, tafuta vijana wanne wenye afya, mashine inatoka. Fundi wa pili anasema weka makapi mawili juu, moja huku moja kule, uzito utapungua nusu. Mwenye cheni bloki (kifaa cha cheni cha kunyanyulia mizigo) ya kukodisha, yake iko Pangani kwenye kazi nyingine na hajui atarudi lini.

Nilicho nacho ni makapi mawili ya jahazi, kila moja lina magurudumu mawili, na jingine dogo la gurudumu moja. Kamba ya mkonge ipo ya kutosha, hapa Tanga hiyo si shida. Nani kati ya hawa mafundi yuko sahihi?

Bint_Makorora

Nimevuta kigoda. Wajuzi waje.

Kipanga_Pongwe

Fundi wa pili yuko sahihi. Kapi linapunguza uzito, ndiyo kazi yake. Kisimani kwetu kuna kapi moja tu, mtoto wa darasa la tatu anavuta ndoo. Bila kapi hawezi.

FundiRoda

Mkuu Kipanga, hapana. Mtoto anaweza kwa sababu anavuta kwenda chini, analala na kamba kwa uzito wa mwili wake wote. Bila kapi angevuta kwenda juu, mgongo umepinda, tena kamba ikikwaruza ukingo wa kisima. Uzito wa ndoo kwenye kamba ni ule ule. Kapi lililofungwa juu lisilosogea linabadilisha upande wa kuvuta, basi. Ukitundika matatu juu, au matano, na kamba ikapita kwenye yote, bado unavuta uzito mzima na nyongeza ya msuguano.

Kinachopunguza nguvu ni kapi linalosafiri pamoja na mzigo. Kanuni ya kuhesabu ni rahisi: angalia kapi la chini, lile lililoshika mzigo, uhesabu kamba ngapi zinalibeba. Zikiwa mbili, kila moja imebeba nusu. Zikiwa nne, kila moja robo. Ile unayoishika mkononi ni mwendelezo wa kamba hiyo hiyo, kwa hiyo nawe unavuta robo.

Mleta uzi, makapi yako mawili ya magurudumu mawili ndiyo dawa yenyewe. Ncha ya kamba ifunge kwenye kapi la juu, ipitishe chini, juu, chini, juu, kisha mkononi. Kamba nne zinabeba mashine. 320 gawa kwa 4 ni kilo 80.

Hiyo ni hesabu ya karatasini. Kapi la jahazi la mbao na pini ya chuma isiyo na beringi linakula kitu kila kamba inapopinda. Chukua asilimia 8 kwa kila gurudumu, si dhana mbaya kwa kapi la namna hiyo lililopakwa grisi. Basi utavuta karibu kilo 98, si 80. Na kuipandisha mashine mita moja na nusu utavuta mita sita za kamba. Hapo ndipo malipo yalipo: nguvu imepungua mara nne, kamba imeongezeka mara nne. Kapi halitengenezi kazi ya ziada.

MkaaSahare

Nimekupata mkuu. Kwa hiyo vijana wawili watatosha. Je, boriti?

FundiRoda

Boriti ndiyo nilikuwa naisubiri uiulize. Watu wengi wakipiga hesabu ya makapi wanafikiria mikono yao, wanasahau kitu kilichoning'iniza kila kitu.

Kapi la juu limebebwa na boriti. Linavutwa chini na mashine, halafu linavutwa chini na nyinyi pia, maana mnasimama chini mkivuta. Yote mawili yanajumlishwa. Kwa njia ya fundi wa kwanza, kapi moja juu: mashine 320, vijana wanavuta karibu 348 kwa sababu ya msuguano. Boriti inabeba kilo 668! Kwa makapi yako ya kamba nne: 320 jumlisha 98, kilo 418. Na hapo kamba inavutwa taratibu. Vijana wakianza kuimba na kuvuta kwa mshtuko, namba inaruka juu.

Wewe umesema banda la kivuli. Banda la kivuli lilijengwa libebe makuti.

Bint_Makorora

Kwa hiyo kapi moja linaiumiza boriti kuliko bila kapi? Hiyo sikuijua.

FundiRoda

Karibu mara mbili, bibie. Ukiuning'iniza mzigo tu ukaufunga, boriti inabeba 320. Ukiupitisha kwenye kapi na kuushika kwa mkono, inabeba mara mbili yake. Ukichukua ile ncha ya mkononi ukaifunga kwenye boriti yenyewe, inarudi 320.

Mzee_Tongoni

Wanangu, salaam. Mimi niliyemaliza ubaharia siku nyingi naona mnazungumza vitu vyetu. Jahazi haliwezi kutweka bila haya. Foromali ya jahazi kubwa, ule mti unaobeba tanga, na tanga lake likiwa limelowa, si kitu cha kubebwa na mabaharia sita wakining'inia. Henza, kamba nene ya kutwekea, inapanda, inapita juu ya mlingoti, inashuka nyuma, na mwisho wake kuna kapi liitwalo gofia. Chini kuna kapi jingine, abedari, limefungwa imara. Jarari ndiyo kamba inayozunguka kati ya gofia na abedari, na hiyo ndiyo tunayovuta. Gofia ikishuka, foromali inapanda.

Sasa huyu kijana Roda amesema hesabu kamba za kapi linalosafiri. Ni kweli, lakini asije mtu akadhani linalosafiri lazima liwe chini limeshika mzigo. Katika jahazi linalosafiri ni gofia, nalo linaanza juu kuja chini. Ukiitazama abedari utahesabu vibaya.

Jambo jingine. Mnasema habari ya kupandisha tu. Mashine ya kilo 320 ikishapanda, itashuka kwa mikono ya nani? Kupandisha ukichoka unasimama. Kushusha ukichoka inashuka nayo, na kamba inachuna ngozi ya viganja. Sisi tulikuwa tunazungusha kamba kwenye gogo mara mbili tatu, kisha mtu mmoja anaachia kidogo kidogo. Mtu mmoja, wala hakunji uso.

MkaaSahare

Shikamoo Mzee. Hilo la kushusha sikuwa nimelipangia kabisa. Gogo lipo, tunafungia boti.

Mzee_Tongoni

Marahaba. Basi litumie. Na kabla ya yote vua yale makapi pini zake, yatazame. Kapi lililokaa juani miaka linakuwa limekufa ndani ingawa nje linazunguka.

Kipanga_Pongwe

Sawa tuseme kamba nne ni robo. Kwa hiyo nikiweka makapi ya kamba arobaini, nanyanyua lori la mchanga kwa mkono mmoja? Mbona hatuoni watu wakifanya hivyo?

FundiRoda

Swali zuri kuliko ulivyokusudia mkuu.

Kuna kisa cha kale anachokisimulia Plutarch, kwamba Archimedes alimwonyesha Mfalme Hiero wa Syracuse meli iliyopakiwa watu na shehena, akaivuta peke yake akiwa ameketi, kwa mfumo wa makapi. Nadharia inaruhusu. Lakini turudi kwenye ile asilimia 8. Kamba ya kwanza inabeba asilimia 92 ya nguvu ya mkono wako, ya pili 92 ya hiyo, ya tatu 92 ya hiyo tena. Ukijumlisha kamba nne unapata mara 3.26 badala ya 4. Kamba kumi unapata mara 6.5 badala ya 10. Kamba ishirini, mara 9.3. Na hata ukiweka makapi mpaka duka liishe, hutazidi mara 11.5. Jumla yake ina dari. Kamba ya arobaini inakuja imechoka hata haivuti kitu cha kutaja.

Ndiyo maana winchi kubwa magurudumu yake yana beringi nzuri, na msuguano unashuka kuwa asilimia 2 hadi 4. Na ndiyo maana ukitaka kuzidisha nguvu sana kwa mkono, cheni bloki inatumia gia ndani, si mlolongo wa makapi. Faida yake nyingine ni breki: ukiachia cheni, mzigo unabaki pale pale. Makapi ya kamba hayana huruma hiyo.

Kipanga_Pongwe

Haya, na fundi rangi anayejivuta mwenyewe kwenye kiti cha kamba? Kapi moja tu juu, naye anapanda kirahisi. Nimemuona kwa macho yangu kwenye jengo pale mjini.

FundiRoda

Umeona kweli. Kiti kimefungwa ncha moja, kamba imepita juu, ncha ya pili kaishika yeye mwenyewe. Hesabu kamba zinazombeba: ya kiti na ya mkononi. Mbili. Akiwa na kilo 70 anavuta 35 na msuguano kidogo. Lakini ile ncha ya pili akimpa mwenzake aliye chini, mwenzake anavuta 70 nzima. Kapi ni lile lile, kamba ni ile ile, kilichobadilika ni nani ameishika.

Msafiri_wa_Bandari

Kwa wapenda historia. Kuna wakati makapi yalikuwa bidhaa ya kimkakati kama yalivyo mafuta leo. Meli moja kubwa ya kivita ya Uingereza enzi za tanga ilihitaji makapi kama 1,000, na jeshi lao la maji lilitumia karibu 100,000 kwa mwaka, kazi iliyotegemea sana mikono ya watu. Ndipo Marc Isambard Brunel akabuni mashine za kuyatengeneza, Henry Maudslay akaziunda, zikafungwa kwenye kiwanda cha Portsmouth mwanzoni mwa miaka ya 1800. Mwaka 1808 zilitoa makapi 130,000, na watu 10 wakafanya kazi ya watu 110. Wengi wanakihesabu kuwa miongoni mwa viwanda vya kwanza duniani kuzalisha kitu kimoja kwa wingi kwa mashine za chuma, kila mashine na hatua yake.

Na kwetu msisahau waya wa Shume. Wajerumani walipokuwa wanakata mierezi kule juu Usambara kabla ya Vita ya Kwanza, waliishusha kwa njia ya waya mpaka kwenye reli ya Tanga, pale Mkumbara. Iliundwa na kampuni ya Bleichert ya Leipzig. Mlima ule ukiupanda kwa miguu utajua kwa nini hawakujenga barabara.

Mama_Sembe

Jamani samahani naingilia, ila naona mnajua mambo ya puli. Nina mashine ya kusaga huku Muheza. Mota ya hosi 15, kibati kinasema mizunguko 1,440 kwa dakika. Puli ya mota ilipasuka, fundi akaniletea nyingine ndogo kidogo, akasema itafaa. Tangu hapo unga unatoka polepole, mikanda inanuka mpira, na kijana wangu anaipaka sabuni ya mche kila asubuhi ili ishike. Mikanda ni mitatu, mmoja tumebadilisha mpya, miwili ya zamani. Tatizo mota au mikanda?

MkaaSahare

Karibu mama, uzi ni wa wote.

FundiRoda

Mama heshima yako. Nipe kipenyo cha puli tatu: ya mota ya zamani, ya sasa, na ya kinu.

Mama_Sembe

Ya zamani inchi 10. Hii ya sasa 8. Ya kinu 5.

FundiRoda

Basi hapo hapo. Mkanda ukipita kwenye puli mbili, urefu unaoondoka huku ndio unaofika kule. Kwa hiyo mizunguko mara kipenyo ni sawa pande zote. Zamani: 1,440 mara 10 gawa kwa 5, kinu kilizunguka 2,880. Sasa: 1,440 mara 8 gawa kwa 5, ni 2,304. Nyundo zinapiga mahindi kwa kasi ndogo, unga unachelewa kupita kwenye chekecheo. Ndiyo polepole yako.

Harufu ya mpira ni mtoto wa kosa hilo hilo. Nguvu inayosafirishwa na mkanda ni mvuto mara mwendo. Hosi 15 ni kilowati 11. Kwa puli ya inchi 10 mkanda ulikuwa unakimbia mita 19 kwa sekunde, na mvuto uliohitajika ni kama kilo 59 kwa mikanda yote. Kwa puli ya inchi 8 mwendo umeshuka hadi mita 15, na mota ikifanya kazi yake yote inataka mvuto wa kilo 73. Mikanda ile ile sasa inabebeshwa robo zaidi. Inateleza, inapata joto, inanuka.

Bint_Makorora

Subiri hapo. Kwani puli ndogo si ndiyo yenye nguvu? Baiskeli ya gia, ukiweka ndogo mbele unapanda mlima.

FundiRoda

Inakupa msukumo mkubwa kwenye shafti ya kinu, ndiyo, kwa mzunguko mdogo. Hiyo ni biashara ile ile ya kamba nne za mleta uzi: mwendo unautoa, nguvu ya kukaza unaipata. Lakini kinu cha nyundo hakitaki msukumo, kinataka kasi. Na mkanda katikati ndio unaokamuliwa.

Sasa kwa nini mkanda unashika? Mzee Tongoni ameshalisema bila kulitaja, pale alipozungusha kamba kwenye gogo. Kamba ikizungushwa kwenye gogo, kila kipande cha mzunguko kinashika kidogo, na vinazidishana, havijumlishwi. Kwa kipimo cha msuguano cha 0.3, mzunguko mmoja mtu anashikilia mzigo mara 6 na nusu ya nguvu yake. Miwili, mara 43. Mitatu, mara 286. Ndiyo maana Mzee hakunji uso.

Mkanda unapata nusu mzunguko tu kwenye puli. Mkanda bapa kwa nusu mzunguko, upande unaovuta unaweza kuwa na mvuto mara 2.6 ya upande uliolegea, zaidi ya hapo unateleza. Mkanda wa V unaingia kwenye mfereji na kubanwa na kuta mbili. Kwa mfereji wa digrii 38 na msuguano ule ule, uwiano unaruka hadi mara 18. Faida yote iko kwenye kuta. Mkanda ukichakaa ukazama mpaka ukagusa sakafu ya mfereji, umegeuka mkanda bapa mwembamba. Tazama puli zako mama: sakafu ya mfereji ikiwa inang'aa, mkanda unakaa chini, ama umeisha ama puli imelika.

Sabuni aache. Inashika asubuhi, mchana imechanganyika na vumbi la unga imekuwa ugali. Kuta zinatakiwa kavu na safi.

Mzee_wa_Korona

Hapo kwenye mkanda bapa na mimi niseme. Nimefanya kazi mashamba ya mkonge upande wa Hale, kwenye korona, yaani kiwanda cha kukwangua mkonge. Vijana wa leo mkiona mkonge mnaona kamba tu. Mbegu yake ililetwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, miche 62 ndiyo iliyofika hai, na kutoka hiyo Tanga yote ikawa mkonge. Kuyakwangua yale majani kunataka nguvu, na nguvu tuliyoikuta sisi ilikuwa inatoka kwenye injini moja, inaingia shafti ndefu, na kutoka kwenye shafti mikanda bapa inashuka kwa kila mashine.

Puli za mkanda bapa zimetuna katikati kidogo, huoni mpaka uweke rula. Mkanda unapenda kupanda palipo juu, kwa hiyo ukitaka kukimbia pembeni unarudi katikati wenyewe. Watu wanadhani puli yenye ukingo mrefu ndiyo inayozuia mkanda. Mkanda ukifika ukingoni unaukwea, unakatika au unaruka. Ukitaka mashine izunguke kinyume, unaupitisha mkanda kwa msalaba. Na upande uliolegea tuliuweka juu makusudi, uning'inie, ukumbatie puli zaidi. Ukiuweka chini unaning'inia mbali na puli.

Kelele yake! Na pale palitaka adabu. Mtu mwenye kanzu au shati la mikono mipana hakuruhusiwa kukaribia. Mkanda haujui kusimama kwa ajili ya mtu.

Kipanga_Pongwe

Mzee hizo ni za zamani, sasa kila mashine ina mota yake.

Mzee_wa_Korona

Ndiyo, na ni bora. Mkanda mmoja ukikatika haisimami korona nzima. Lakini mota yako hiyo imefungwa na nini kwenye kinu? Mkanda.

MkaaSahare

Mrejesho wakuu. Mashine imetoka.

Boriti ya banda hatukuigusa. Tumesimamisha miguu mitatu ya mabomba ya chuma, miguu tumeifunga minyororo kwa chini isipanuke, na kila mguu umekaa juu ya kipande cha ubao kwa sababu ya mchanga. Kapi dogo tumelifunga kwenye mguu mmoja karibu na chini, kamba ikapita hapo ili tuvute tukiwa pembeni bila kuangusha miguu. Roda aliniambia kwenye ujumbe kwamba hilo kapi la ziada litakula asilimia 8 zake, tukakubali.

Ushauri wa Mzee wa kuvua pini umetuokoa. Kapi moja pini ilikuwa imeliwa upande mmoja tu, ina tumbo, gurudumu lilikuwa linazunguka kwa kuyumba. Tumechongesha nyingine, tukapaka grisi. Lile la pili lilikuwa zima.

Vijana wawili walivuta, wa tatu alikaa kwenye gogo na kamba mizunguko mitatu. Kitu kimoja kilichotusumbua: mashine ilipoinuka tu ilianza kujizungusha, kamba nne zikajisokota zikawa moja, ikakataa kupanda. Ilibidi tuishushe, tuifunge kamba ya pembeni ya kuielekeza, ndipo tukaendelea.

Mzee_Tongoni

Kamba mpya ya mkonge hujisokota hivyo. Ungeivuta kwanza ikiwa tupu, na uzito mdogo, itulie. Hongereni.

Bint_Makorora

Kamba ulitumia ya unene gani? Kuna mtu wangu anataka kushusha tenki.

MkaaSahare

Milimita 16, mpya. Roda alisema kamba ya kunyanyulia ipewe kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuikata, na kila fundo linapunguza, mengine karibu nusu. Kwa kilo mia na kidogo mkononi tukaona inatosha. Asisimame mtu chini ya tenki, hata kwa picha.

Mama_Sembe

Na mimi nimepata puli ya inchi 10, ila muuzaji anasema nichukue 12, nitasaga haraka zaidi. Nichukue?

FundiRoda

Usichukue mama. Inchi 12 kinu kitazunguka 3,456. Nguvu inayozivuta nyundo kwenda nje inapanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo umeongeza mwendo asilimia 20 lakini pini za nyundo zinabeba asilimia 44 zaidi. Pini ikikatika ndani ya kinu, nyundo inatafuta njia ya kutoka. Kaa kwenye kasi iliyoandikwa na mtengenezaji wa kinu. Na mota nayo itazidiwa.

Mama_Sembe

Nimeelewa, 10. Na mikanda, nibadilishe ile miwili ya zamani tu?

FundiRoda

Yote mitatu kwa pamoja, namba moja, kampuni moja. Ukichanganya, mpya ni mfupi kidogo kuliko iliyonyooka kwa kazi, kwa hiyo unabeba mzigo wa wote watatu na kufa mapema, na ile mingine inacheza tu.

Mama_Sembe

Namba zimefutika. Nitajuaje urefu?

FundiRoda

Pima kutoka katikati ya shafti ya mota hadi katikati ya shafti ya kinu.

Mama_Sembe

Inchi 30 kamili.

FundiRoda

Mara mbili yake 60. Jumlisha vipenyo, 10 na 5 ni 15, zidisha kwa 1.57 ni 23.6. Kuna nyongeza ndogo kwa kuwa puli hazilingani: tofauti yao 5, mara yenyewe ni 25, gawa kwa mara nne ya umbali, yaani 120, unapata 0.2. Jumla karibu inchi 84. Namba inayoandikwa kwenye mkanda wa aina ya B ni urefu wa ndani, ambao ni pungufu ya huo kwa inchi 1.8, kwa hiyo uliza B82. Mota yako ipo kwenye reli za kusogeza?

Mama_Sembe

Ipo, ila bolti zimeshika kutu.

FundiRoda

Zilegeze kwanza, hata ikibidi ulaze mafuta usiku kucha. Isogeze mota karibu na kinu, vaa mikanda kwa mkono, kisha irudishe nyuma. Mtu akikwambia ataiingiza kwa kubenjua na bisibisi huku akizungusha puli, mzuie, maana nyuzi za ndani zinakatika na huzioni. Nyoosha uzi kutoka uso wa puli moja hadi nyingine, uguse pembe zote nne. Kukaza: bonyeza mkanda katikati, kwa umbali wako uzame karibu nusu inchi. Ukikaza zaidi utaua beringi za mota. Washa, ipe mzigo siku nzima, kisha kaza tena kidogo, mikanda mipya hulegea. Na mkono wa mtu usiguse hapo kabla ya kuzima kwenye swichi kubwa, si ile ya ukutani ambayo kijana mwingine anaweza kuiwasha.

Mama_Sembe

Ahsante baba. Na ile sabuni iliyoshika kwenye puli niioshe na nini?

FundiRoda

Maji ya moto na brashi, mashine ikiwa imezimwa. Ikauke kabisa ndipo uvalishe mikanda. Petroli usitumie, inaharibu mpira na kwenye vumbi la unga ni hatari ya moto.